Ndege ya Swali la Saba

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Kikokotoo alishuka nyuma ya nyumba akiwa na kopo la pumba mkononi. Huko kulikuwa na matangi matatu ya saruji na bwawa moja, na samaki wa baba yake walimjua kwa mlio wa ndala. Akikaribia tu, maji yalianza kuchemka bila moto.

Alhamisi hiyo maji yalichemka kama kawaida. Lakini kabla hajatia mkono kwenye kopo, sauti ya baba ikamkata.

"Weka chini hilo kopo! Tangi la kati hawali leo wala kesho."

"Kwani wamekosa nini, baba?"

"Hawajakosa kitu. Wana safari. Samaki akisafiri ameshiba anachafua maji, na maji yakichafuka ndani ya mfuko wote wamekwisha. Wewe ungependa kusafiri na mtu anayejisaidia ndani ya gari?"

Kikokotoo akacheka mpaka pumba zikamwagika. Shuleni alikuwa na jina lake jingine, lakini nyumbani na mtaani kote aliitwa hivyo, kwa sababu ukimwuliza saba mara kumi na nne akiwa usingizini angekujibu bila kufumbua macho. Alikuwa darasa la sita, na jina hilo alilipenda kuliko sare zake.

Samaki wa tangi la kati walikuwa vifaranga, wadogo kama kidole cha mtoto. Walikuwa wa shangazi yake, dada yake baba, aliyeishi mji wa mbali, upande mwingine kabisa wa nchi, ambako mvua hunyesha inapojisikia. Tangu mumewe afariki, shangazi alikuwa akichimba bwawa kwa jembe na karai, peke yake, kila jioni. Majirani walimcheka. Walimpachika jina wakamwita Mama Shimo, mpaka watoto wao wakaliimba. Sasa bwawa lilikuwa limejaa maji. Kilichobaki ni samaki tu, na wasipofika wazima, Mama Shimo angebaki Mama Shimo.

Jikoni, mjomba alikuwa anakunywa chai. Huyu alikuwa ndugu yake mama, mwenye pikapu, na ndiye aliyepita uwanja wa ndege kupanga nafasi ya mizigo.

"Shemeji," baba akamwuliza, "hiyo ndege ya Jumamosi inafika huko saa ngapi?"

"Mimi niliuliza inaondoka saa ngapi. Saa moja kamili asubuhi. Kufika ni kazi ya rubani."

"Haya, huyu ndiye mtu niliyemtuma!" baba akamgeukia mama. "Sasa mimi nitafungaje mifuko bila kujua safari ni saa ngapi?"

"Si upige simu," mama akasema.

"Nimepiga. Wananiwekea muziki mpaka salio linaisha."

Kikokotoo aliijua kazi hiyo. Mfuko wa kusafirishia samaki huwekwa maji kidogo, kisha hujazwa oksijeni kutoka kwenye mtungi, kisha hufungwa kwa mpira. Hewa inayoingia ndiyo hiyo hiyo mpaka mwisho wa safari. Safari ikiwa fupi, unaweka samaki wengi. Ikiwa ndefu, unaweka wachache, la sivyo wanamaliza hewa wakiwa bado njiani.

"Mwanangu," baba akamwambia, "ukitoka shule leo, pitia ofisi ya tiketi pale karibu na soko. Uliza vizuri: tangu ndege inaondoka hapa mpaka mzigo unafika mikononi mwa shangazi yako, ni muda gani. Mimi nitakuwa kwa fundi wa kuchomea vyuma, naazima mtungi."

"Sawa, baba."

Saa tisa alasiri Kikokotoo alikuwa mlangoni pa ofisi ya tiketi. Sakafu iling'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Nyuma ya kioo aliketi dada mmoja mwenye kitambaa chekundu shingoni, na mbele ya kioo mzee mmoja alikuwa ameegemea, anauliza jambo kwa sauti ya chini.

"Mzee wangu, nimeshakwambia mara tatu!" dada wa tiketi akapaza sauti. "Kama hununui, wapishe wanaonunua. Watu wamejaa hapa!"

Watu wakageuka. Mzee akapisha. Kikokotoo akatazama viatu vyake. Kimoja kilikuwa na tope la bwawa, nacho kilikuwa kimeshaacha alama mbili kwenye ile sakafu. Naye pia hakuwa amekuja kununua. Akajihisi kana kwamba amekamatwa na kitu cha watu. Akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, kisha akajikuta yuko barabarani, anatembea haraka.

Alipofika kwenye kona ya nyumbani, wazo likamjia, na hofu yote ikayeyuka. Kwani lazima kuuliza? Yeye si Kikokotoo?

Alitandika ramani ya kitabu cha jiografia juu ya kitanda. Akavuta uzi kutoka mji wao mpaka mji wa shangazi, akaunyoosha vizuri, akaupima kwa rula: sentimita kumi na nane. Kila sentimita moja ilikuwa kilomita hamsini. Kilomita mia tisa, basi. Mwendo wa ndege je? Hata huo aliujua. Kwenye kitabu cha hisabati, ndege ya swali la saba ilikuwa inakwenda kilomita mia nne na hamsini kwa saa. Hakuhitaji hata kalamu.

Baba aliporudi anasukuma mtungi kwenye mkokoteni, jasho linamtiririka, Kikokotoo alimkimbilia.

"Saa mbili, baba! Ni saa mbili tu!"

"Eh, ni karibu hivyo? Umeuliza?"

Neno lilikuwa dogo tu, likatoka lenyewe.

"Nimeuliza."

"Aliyekujibu anajua kazi yake?"

"Anajua sana," Kikokotoo akasema, na kidogo acheke, maana alikuwa anajisema mwenyewe.

Baba akahesabu kwa vidole. Wafunge saa kumi na moja alfajiri, ndege iondoke saa moja, itue saa tatu, na saa nne shangazi awe bwawani anafungua mifuko. "Saa tano. Tukiongeza mbili za dharura, saba. Basi tunaweza kujaza!" Uso wake ulikunjuka wote. Akampigia dada yake simu pale pale, akamwambia awe uwanjani saa tatu.

Ijumaa jioni Kikokotoo alikuwa anaosha maboksi meupe, yale mepesi ya kuhifadhi ubaridi, pamoja na rafiki yake wa nyumba ya pili. Huyu walimwita Redio, na hakuna aliyewahi kuiona redio hiyo imezimwa.

"Wanaenda wapi hao?" Redio akauliza. Alipotajiwa mji akapiga kofi. "Mama yangu! Si ndiko anakosoma dada yangu? Pole yao hao samaki. Dada alitoka hapa asubuhi na mapema, akatupigia jioni jua linazama, ndio kwanza anatua."

Kikokotoo akaacha kusugua. "Alipanda ndege?"

"Sasa apande nini, ungo? Ndege, tena mbili. Ya kwanza inawashusha mji wa katikati, mnakaa hapo mnatazamana mpaka mchoke, halafu mnapanda nyingine ndogo. Dada alisema alilala kwenye kiti mpaka shingo ikageuka upande."

"Labda siku hiyo iliharibika."

"Labda," Redio akasema, akaanza habari nyingine ya mbuzi aliyekula kitambulisho cha jirani.

Kikokotoo hakuisikia hata nusu yake. Redio anatia chumvi, alijiambia. Kila mtu anajua Redio anatia chumvi. Lakini alipofumba macho aliuona ule uzi juu ya ramani, umenyooka kabisa, unapita juu ya mji wa katikati bila kusimama.

Chakula cha jioni hakikushuka. Mama akamgusa paji la uso. "Huna homa. Una nini?"

"Sina kitu, mama."

Alfajiri taa ya nyuma ya nyumba ilikuwa imewashwa, na baba alikuwa tangini amekunja suruali. Kazi ilikuwa ya kimya na haraka. Baba alichota vifaranga kwa wavu mdogo, mama aliwahesabu wakiingia kwenye ndoo, na Kikokotoo alishika mdomo wa mfuko ukiwa wazi. Baba aliingiza mpira wa mtungi, oksijeni ikapuliza *fsss*, mfuko ukavimba.

"Basi, usijae sana," baba akasema, akiuminya mfuko. "Huko juu angani mfuko huvimba wenyewe. Ukiujaza hapa, utapasukia huko."

Alizungusha mdomo wa mfuko, akaukunja, akaufunga kwa mpira mara mbili. Ndani, samaki mia tano walizunguka kwenye maji kidogo kama watu sokoni. Mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila mfuko uliofungwa, Kikokotoo alisema moyoni: nitasema kwenye unaofuata. Mfuko wa sita ukafungwa. Wa nane ukafungwa. Mifuko ikapangwa kwenye maboksi, na mifuniko ikabandikwa utepe wa gundi.

"Bila wewe ningeweka nusu tu, nikaogopa bure," baba akamwambia, na kumpapasa kichwa kwa mkono wenye maji. "Saa mbili angani. Asante, Kikokotoo wangu."

Maji ya mkono huo yalimtiririka shingoni yakiwa ya baridi kama kisu.

Pikapu ya mjomba ikapiga honi. Wakapakia maboksi, wakapakia na mtungi, kwa sababu fundi wa kuchomea alikuwa anautaka asubuhi hiyo hiyo. Baba akachukua pia ndoo ya maji ya tangi, wavu na mifuko mitupu michache. Hakuwahi kusafirisha samaki bila mifuko ya akiba, maana mpira unaweza kukatika hata mlangoni.

"Na mimi nakuja," Kikokotoo akasema.

"Kwenda kufanya nini? Kuwapungia mkono?" mjomba akamtania. "Haya panda, abiria."

Akakaa katikati, baina ya baba na mjomba. Nje kulikuwa kunapambazuka. Watu wa maziwa walikuwa wanaendesha baiskeli, na mbele ya duka la mikate mwanamke alikuwa anafagia. Mjomba alikuwa anapiga mluzi. Kikokotoo alikuwa anahesabu, kwa sababu kichwa chake hakikujua kufanya kitu kingine. Kama Redio amesema kweli, shangazi angefungua mifuko jioni. Hewa ya saa saba haiwezi kufika jioni.

Kisha wazo jingine likapita, laini sana. Hakuna atakayejua. Wakifa, watasema ni ndege imechelewa. Watasema ni joto. Watasema mfuko ulikuwa mbovu. Nani atamfuata dada wa tiketi kumwuliza?

Baba alikuwa anatazama nyuma kupitia kioo, anayaangalia maboksi. "Unajua, shemeji," akasema polepole, "sijawahi kufunga mifuko nikaogopa kama leo. Hawa wakifa, si ndege, si mtu mwingine. Ni mikono yangu hii. Dada yangu amechimba lile shimo kwa neno langu."

Mjomba akaacha kupiga mluzi.

"Baba," Kikokotoo akasema.

"Naam."

Mbele yao, mnara wa uwanja wa ndege ulikuwa umeshaonekana, na taa yake inazunguka.

"Baba, sikuuliza."

"Hukuuliza nini?"

"Ofisi ya tiketi. Nilifika mlangoni nikaogopa. Nikapima kwenye ramani kwa uzi. Ule mwendo nimeutoa kwenye swali la saba." Machozi yakaanza kushuka, lakini hakunyamaza. "Na Redio anasema kuna ndege mbili na wanasubiri katikati. Aliniambia jana. Jana, baba, na sikusema."

Mjomba alikanyaga breki mpaka maboksi yakalia nyuma. "Swali la saba la nani?"

"La hisabati," Kikokotoo akasema kwa kwikwi.

"Ndege ya kwenye kitabu!" mjomba akashika kichwa. "Ile haishuki njiani hata kunywa chai! Shemeji, umesikia?"

Baba alikuwa amesikia. Hakumtazama binti yake. Alitazama mbele tu.

"Endesha," baba akasema. "Twende tukaulize sasa."

Karani wa mizigo alikuwa mtu mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Baba alimwuliza kabla hata hajasalimia.

"Huko?" karani akasema. "Hii ya saa moja inakwenda mji wa katikati. Mizigo ya huko inashushwa, inasubiri ndege ndogo ya saa tisa. Inatua huko saa kumi jioni. Mzigo mnaupata kwenye saa kumi na moja hivi, kama hakuna foleni."

Kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa kumi na moja jioni. Hata Kikokotoo hakutaka kuihesabu.

"Tuwarudishe nyumbani," mjomba akanong'ona. "Twende nao Jumatatu."

"Wana siku mbili hawajala," baba akasema. "Na dada yuko njiani kwenda uwanjani." Akamgeukia karani. "Bwana mkubwa, unafunga mizigo saa ngapi?"

"Ilibidi nifunge sasa hivi." Karani akatazama maboksi, akamtazama mtoto anayelia, akavaa miwani yake. "Nawapa mpaka abiria waanze kupanda. Wakianza kupanda, mimi sina ndugu."

Wakashusha kila kitu pale pale kwenye maegesho, kwenye kivuli cha ukuta. Baba alirarua gundi ya boksi la kwanza. "Kila mfuko tunatoa nusu. Maji ya bomba la hapa yana dawa, hatuyagusi. Kikokotoo! Futa macho, shika mfuko."

Akashika. Baba akafungua mpira, hewa ikatoka, akazamisha wavu, akatoa samaki waliokuwa wanarukaruka na kuwatia kwenye ile ndoo. Kisha, kwa waliobaki mfukoni, *fsss*, oksijeni mpya, kunja, funga. Mjomba, ambaye maisha yake yote aliwaogopa samaki wazima, alikuwa ameshika mtungi kwa mikono miwili, amegeuza uso.

"Mjomba, fungua zaidi!" Kikokotoo akasema.

"Nafungua, nafungua! Kananirukia hako!"

Kwenye mfuko wa tatu mpira ulikatika. Kwenye wa tano Kikokotoo alikuwa ameshajifunza, anakunja mwenyewe, baba anafunga tu. Kipaza sauti kikakohoa: abiria wote waelekee mlangoni. Mifuko miwili ilikuwa bado.

"Wanapanda!" mjomba akapiga kelele.

Baba hakuinua uso. Kikokotoo aliubana mdomo wa mfuko kwa vidole vyote. Wa saba. Wa nane. Mjomba akabeba maboksi mawili mawili mikononi, mwingine angedhani anakimbizwa, na karani akayapokea akiyagonga mihuri huku anaguna. Lango la bati likashuka nyuma ya boksi la mwisho.

Baba akakaa chini, mgongo ukutani, suruali imelowa yote. Baada ya muda akatoa simu mfukoni, akamwekea Kikokotoo mkononi.

"Mpigie shangazi yako. Mwambie wewe mwenyewe."

Simu ililia mara moja tu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu! Mimi ndio naingia uwanjani, nimewahi nisije nikachelewa. Nimekuja na mwenye mkokoteni, ananinung'unikia njia nzima. Wamesharuka?"

Kikokotoo akamweleza. Alieleza lote, la mlangoni, la uzi na lile la "nimeuliza". Upande wa pili jogoo aliwika mahali fulani.

"Kwa hiyo ni jioni," shangazi akasema hatimaye. "Na ni nusu."

"Ndiyo, shangazi. Nisamehe."

"Nitasubiri. Bwawa nimelisubiri miezi, mchana mmoja hautaniua. Ila ungeniambia jana, mwanangu, ningemaliza kufua kwanza. Nguo nimeziacha kwenye beseni. Wakifika wafu, utanisikia nikilia. Nakuambia kabisa, sitajificha."

Siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko siku zote alizowahi kuishi. Ile nusu ya samaki waliorudi nayo nyumbani iliwekwa kwenye tangi la kati, wakapewa chakula, wakala kama kawaida. Baba hakumgombeza. Aliongea naye mambo ya kazi tu: lete ndoo, funga koki. Saa tisa alasiri Kikokotoo alikaa kizingitini akatazama juu. Mahali fulani huko ndege ndogo ilikuwa inaondoka, au haikuwa inaondoka. Ramani haikuwa na habari hiyo. Saa kumi na moja ikafika, ikapita. Mama aliwasha jiko, akalisahau, akaliwasha tena.

Simu ililia giza likianza kuingia. Baba akaiweka sauti ya juu.

"Niko bwawani," sauti ya shangazi ikasema, na nyuma yake yalisikika maji. "Nimeiacha mifuko ielee kama ulivyosema, ili maji ya ndani yazoee ya nje. Nafungua wa kwanza."

Kikokotoo akasogea karibu na simu.

"Kuna wanaoelea. Mmoja, wawili... kuna kama kumi wamekufa." Kikokotoo akafumba macho. "Wengine... ngoja. Ngoja kwanza." Zikasikika kelele za watoto, wengi, wanapiga ukelele ukingoni. "Wanaondoka! Wametoka wote kwa pamoja, wameingia ndani! Kaka, wako hai! Hebu wasikie hawa watoto wa majirani, wale wale wa Mama Shimo, sasa wananivuta nguo wanataka kushika mfuko!"

Mama alipiga kigelegele mpaka Redio akatokea ukutani kuuliza kuna harusi ya nani. Kikokotoo aliketi chini pale alipokuwa amesimama.

Jumatatu, alipokuwa anavaa viatu vya shule, baba alimsimamisha.

"Nusu ya pili bado inamsubiri shangazi yako. Leo ukitoka shule utapita wapi?"

"Ofisi ya tiketi."

Sakafu ilikuwa ile ile, inang'aa. Dada alikuwa yule yule, ila leo kitambaa chake kilikuwa cha bluu. Kikokotoo aliogopa vile vile, lakini alisogea na foleni mpaka kidevu chake kikafika kwenye kioo.

"Shikamoo, dada. Sikuja kununua. Nimekuja kuuliza."

"Marahaba. Uliza haraka. Nani anasafiri, wewe?"

"Hapana. Samaki."

Dada wa tiketi akaacha kubonyeza. "Samaki wa kula?"

"Wa kufuga. Wako hai, wako kwenye mifuko, na hewa inaisha. Kwa hiyo nataka kujua ndege inasimama wapi, inasubiri muda gani, na mzigo unatoka saa ngapi."

Dada akamwangalia, kisha akacheka, kicheko cha kweli kilichomfanya aonekane kama dada wa mtu. Akabonyeza bonyeza. "Jumamosi usiwapeleke, watateseka katikati. Wapeleke Jumatano. Jumatano ipo inayokwenda moja kwa moja. Saa mbili na dakika kumi na tano, imetua."

Saa mbili na robo! Kikokotoo alisimama pale mpaka aliyekuwa nyuma yake akakohoa. Ndege ya swali la saba ilikuwepo kweli. Ilikuwa inaruka Jumatano.

Alikimbia njia nzima. Baba alimsikiliza mpaka mwisho akiwa ukingoni mwa tangi, kisha akamwonyesha mahali pa kukaa kando yake.

"Sasa tuongee," akasema. "Unajua ni kitu gani kiliniuma? Si kuogopa kwako. Hata mimi nawaogopa watu wa nyuma ya vioo. Wala si hesabu yako, maana umeona mwenyewe haikuwa mbali. Ungeniambia, 'Baba, niliogopa, nimepima kwenye ramani tu,' ningekuambia sawa, ningeweka samaki wachache, nikalala. Lakini uliniambia 'nimeuliza'. Neno hilo ndilo lililoijaza ile mifuko. Mimi nilifunga samaki kwa kuliamini neno lako, na shangazi yako akaacha nguo kwenye beseni kwa kuliamini langu."

"Sitarudia, baba."

"Na mimi nakuamini, kwa sababu ulisema kabla hatujafika uwanjani, wakati hakuna aliyekuuliza. Ilikuwa ngumu?"

"Ilikuwa ngumu sana."

"Najua. Basi siku nyingine sema mapema, kungali rahisi. Kutojua si kosa, mwanangu, na kuogopa si kosa. Kosa ni kumpa mtu jambo la kukisia ukamwambia ni la hakika, kwa sababu yeye ataweka uhai wa wengine juu ya neno hilo."

Kikokotoo akaitikia kwa kichwa. Kisha akainuka, akachukua kopo la pumba. Maji yakaanza kuchemka kwenye matangi yote matatu. Akamwaga kwenye tangi la kwanza, akamwaga kwenye la mwisho. Lile la kati alilipita, ingawa vinywa vyote vilikuwa vimefunguka juu vinamtazama.

"Nyie hamli," akawaambia. "Mna safari keshokutwa. Saa mbili na robo, na safari hii nimeuliza."